Fuvu Lina Kosa Gani?

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka, akashonwa kichwa, kidonda kikafunga, kisha kichwa kikaendelea kumuuma mwezi wa tatu, wa sita, hadi mwaka, hakosi jirani wa kumkumbusha kwamba zamani mtu wa namna hiyo alikuwa na pa kwenda. Angepelekwa kwa omobari omotwe, mpasuaji wa vichwa wa jamii ya Abagusii wa Kenya. Ngozi ya kichwa ingepasuliwa, fuvu likwanguliwe mpaka lipate tundu, na jamaa zake wangerudi nyumbani wakiamini kwamba maumivu yametoka kupitia tundu hilo.

Hilo si jambo la kubuni. Daktari J. G. Grounds aliliandikia makala ya kitabibu mwaka 1958. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwafuatilia ababari (wingi wa omobari) na wagonjwa wao, akaandika juu yao kwa kirefu katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Mwaka 1985 David Furnas na wenzake walichapisha ripoti nyingine katika jarida la wapasuaji. Mgeni angeweza kutarajia habari za mapepo. Walichokikuta ni watu waliopigwa rungu, walioanguka au waliojigonga, ambao kichwa kilikataa kuacha kuuma.

Ubishi haujaisha. Walioketi hapa chini nimewatunga mimi: mzee mwenye asili ya ukoo wa ababari, sista wa wodi ya majeruhi, mwalimu wa Biolojia, kijana wa bodaboda, na mama yake anayechuma chai upande wa Kebirigo. Hoja zao sikuzitunga; ndizo zinazosikika Gusii kila maumivu ya kichwa yanapotajwa. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza, maana katika jambo hili nina upande.

KIJANA: Mwenye kichwa ni mimi, basi nianze. Nilianguka mwezi wa Novemba, usiku, lami imelowa. Nilishonwa hapa juu ya sikio, nikapigwa picha ya kichwa, nikaambiwa haina kitu. Tangu siku hiyo jua la saa sita linaniumiza macho. Honi ya matatu ikilia karibu nasikia kichefuchefu. Na hili ndilo linalonishangaza: kovu liko upande wa kulia, lakini panaponiuma zaidi ni kwenye paji la uso, na nikivaa kofia ngumu hata nywele zinauma. Nimerudi kliniki, nikaambiwa ninywe dawa nipumzike. Bibi anasema fuvu limeingia uchafu, likwanguliwe. Nataka mniambie, nikubali au nikatae?

MZEE: Bibi yako hajakudanganya, kijana wangu. Babu yangu aliifanya kazi hiyo. Mgonjwa alilazwa nje penye mwanga, ndugu zake wakamshika. Kisu kilipita kwenye ngozi, ngozi ikafunuliwa pande mbili, damu ikazuiwa kwa kubanwa. Kisha omobari aliutazama mfupa. Kama kuna ufa aliuona. Kama mfupa umebadilika rangi aliuona. Hapo alianza kuukwangua na chuma chenye ncha iliyopinda, polepole, kazi ya saa kadhaa, hadi akafika kwenye ule utando unaopigapiga pamoja na moyo. Akifika hapo alisimama. Mkono ukiteleza kidogo tu, mtu amekufa. Sasa niambieni, watu wasio na ujuzi wangejua kusimama pale?

MWALIMU: Kuhusu ule mkono sina ubishi, Mzee. Hata madaktari walioandika juu yao waliuheshimu. Ubishi wangu ni kuhusu mahali pa maumivu. Mwaka 1940 madaktari wawili wa New York, Bronson Ray na Harold Wolff, waliandika walichokiona kwa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji wa kichwa. Waligusa sehemu moja baada ya nyingine, wakauliza: hapa je? Ngozi ya kichwa iliuma. Mishipa ya damu ya nje iliuma. Utando wa ndani uliuma kando ya mishipa yake na chini kwenye sakafu ya fuvu. Lakini fuvu lenyewe halikuuma. Sehemu kubwa ya utando ulio juu ya ubongo haikuuma. Na nyama ya ubongo, hiyo ndiyo haihisi maumivu kabisa. Wilder Penfield kule Montreal aliigusa kwa umeme mdogo mamia ya mara na wagonjwa wakizungumza naye. Mmoja alisikia muziki, mwingine mkono ukamruka, lakini hawakulalamika kwamba ubongo unauma.

MZEE: Kwa hiyo wewe unasema mtu alikuwa akikwanguliwa fuvu wala hasikii?

MWALIMU: Nasema mateso makubwa yalikuwa kwenye ngozi na ule utando mwembamba ulioshikamana na mfupa kwa nje. Hapo pakishapita, kukwangua mfupa kunasikika kama kishindo na mtetemo kuliko maumivu. Ndiyo sababu mojawapo watu waliweza kuvumilia saa hizo bila dawa ya ganzi.

MZEE: Sisi tulijua ni ujasiri. Mvulana wa hapa akipelekwa kutahiriwa hakunji uso. Akikunja, wenzake watamtajia mpaka uzeeni. Mtu aliyelelewa hivyo anaumwa tofauti na mtu wa mjini.

SISTA: Anaonyesha tofauti, Mzee. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kunaniletea shida wodini. Mahali ambapo mtu anaanza kusema "hiki sasa si joto tu, kinauma", watu wengi hawapitani sana, awe wa Nyamira au wa Nairobi. Wanakopitana ni pale anaposema "basi, siwezi tena." Hapo malezi yanaingia, aibu inaingia, na nani anamtazama. Mwanaume wa hapa ataletwa paja limevunjika, mfupa unaonekana, ukimuuliza anakuambia hajambo. Na kwa bahati mbaya asiyelia husubiri zaidi. Nimeona dawa ikienda kwa anayepiga kelele, na yule aliyeuma meno yuko kimya akivuja jasho hadi shuka inalowa.

MWALIMU: Na si malezi pekee. Henry Beecher, daktari wa jeshi la Marekani, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia mwaka 1944 kama wanataka dawa ya maumivu. Takriban robo tatu walisema hapana. Wengi wao hawakuwa katika mshtuko, akili zao zilikuwa timamu, na kuchomwa sindano vibaya kuliwaudhi kama mtu mwingine yeyote. Lakini kwa askari yule, jeraha lilimaanisha ametoka vitani mzima. Kwa fundi wa ujenzi jeraha hilohilo linamaanisha mkate umekatika. Mwili mmoja, jeraha moja, maumivu tofauti.

KIJANA: Mwalimu, hapo umenipoteza. Maumivu si yanatoka kwenye jeraha?

MWALIMU: Jeraha linatoa habari. Maumivu yanatengenezwa baadaye. Nenda Tabaka, umtazame mchongaji wa mawe ya sabuni ameketi na jiwe katikati ya miguu. Nyundo ikiteleza ikampiga kidole, kuna mambo mawili yatakayompata, na kama umewahi kujigonga unayajua. Kwanza ni mchomo mkali, wa ghafla, unaojua mahali pake. Mkono umeshavutwa hata kabla hajafikiri, maana amri ya kuuvuta inatoka kwenye uti wa mgongo bila kungoja ubongo. Kisha inapita nafasi fupi, pengine sekunde moja, ndipo yanakuja maumivu ya pili: mazito, yanayowaka, yasiyo na mpaka. Hizo ni neva mbili tofauti. Za kwanza zimefunikwa na tabaka la mafuta na zinapeleka habari mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Za pili hazina kifuniko hicho; nyingi hazipiti mita 2 kwa sekunde, na umbali wa kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo unakaribia mita nzima.

MAMA: Na kwa nini akijigonga anasugua?

MWALIMU: Swali zuri, Mama. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza jibu ambalo wazo lake kuu limebaki, ingawa maelezo yake yamerekebishwa tangu hapo. Neva za mguso, zile zinazokuambia kitambaa kimekugusa, zina kasi kuliko zote hizo. Zikisisimuliwa kwa kusugua, zinawahi kwenye uti wa mgongo na kubana njia ya habari za maumivu. Na kutoka juu pia, ubongo hutuma amri za kufungua au kubana njia hiyo. Kwa askari wa Beecher njia ilibanwa kutoka juu. Kwa mtu mwenye hofu, asiyelala, njia inafunguliwa.

KIJANA: Lakini mimi sijapigwa nyundo yoyote leo. Kofia inanigusa tu nywele. Kwa nini iume?

MWALIMU: Umewahi kumwona askari wa usiku sokoni baada ya duka kuvunjwa? Kabla ya wizi alikuwa anapuliza filimbi akimwona mtu na nondo. Baada ya wizi, hata jani la mgomba likitikisika anaamsha mji mzima. Filimbi ni ya kweli. Waliokosa usingizi wamekosa usingizi wa kweli. Kilichobadilika ni kipimo chake cha hatari. Seli za uti wa mgongo na za shina la ubongo hufanya hivyo baada ya majeraha mengine: zinaongeza usikivu, na mguso mwepesi uliokuwa ukisomwa kama mguso unaanza kusomwa kama maumivu. Mwanga nao hivyohivyo, na sauti. Macho yako hayana ugonjwa, wala masikio. Kinachopokea habari zao ndicho kilichoongezewa ukali.

SISTA: Na kuhusu paji la uso, nikueleze kitu ambacho wagonjwa wengi hawaambiwi. Ngozi ya mbele ya kichwa inahudumiwa na neva ya tano ya kichwa. Ya nyuma inahudumiwa na neva zinazotoka kwenye shingo, pingili za juu kabisa. Neva hizo mbili zinakutana mahali pamoja, sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na kukabidhi habari zao kwa seli zilezile. Seli ikipiga kelele, ubongo hauna njia ya kujua kama kelele ilianzia shingoni au usoni. Ulipoanguka shingo ilitikisika kwa nguvu. Inawezekana kabisa shida iko hapa nyuma, chini ya fuvu, nawe unaisikia pajini. Sasa fikiria omobari anakuja na chuma chake. Atakwangua wapi?

MZEE: Atakwangua panapouma.

SISTA: Ndiyo, Mzee. Pajini. Mfupa usio na kosa.

Hapo mzee alinyamaza kidogo, nami nisingependa msomaji achukulie kwamba ameshindwa. Silaha yake kubwa alikuwa hajaitoa.

MZEE: Mmesema vizuri, na mimi nimesikiliza. Sasa nijibuni hili moja. Watu walipona! Si mmoja, si wawili. Alikuja mtu anashikwa mikono miwili, mwezi umepita yuko shambani anapalilia. Hao madaktari wenu walioandika, hawakukuta watu waliosema wamepona?

SISTA: Waliwakuta. Wengi tu.

MZEE: Basi kama fuvu halina kosa, walipona nini?

SISTA: Wengine walikuwa wanapona hata wasingeguswa. Maumivu ya kichwa yanayofuata ajali huanza ndani ya siku saba, na kwa watu wengi hupungua yenyewe katika miezi mitatu ya mwanzo. Mtu huenda kwa mganga siku yake mbaya kuliko zote. Na baada ya siku mbaya kuliko zote, kwa kawaida inayofuata huwa na nafuu. Lakini wapo ambao omobari aliwasaidia kwelikweli, nami sitamnyima haki yake. Mtu aliyepigwa rungu, kipande cha mfupa kikazama ndani, kukiondoa ni tiba. Hata sisi tungekiondoa. Damu iliyoganda kati ya mfupa na utando, tundu litaipa njia. Ile iliyoganda chini ya utando, hiyo asingeifikia, maana alisimama pale ulipotuambia anasimama. Mgonjwa wa namna hiyo, mara nyingi mzee aliyeanguka wiki kadhaa nyuma na sasa anasinzia na kusahau maneno, angekwanguliwa vizuri kabisa na kufa.

MWALIMU: Na kuna kundi la tatu, ambalo ndilo gumu. Nisimulie jaribio moja. Mwaka 2009 mpasuaji Bahman Guyuron na wenzake huko Cleveland, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 75 wa kipandauso. Watu 49 walifanyiwa upasuaji kamili, wa kuondoa kinachosumbua neva nje ya fuvu, kwenye paji, panja au kisogo. Wengine 26 walilazwa vilevile, wakachanjwa ngozi vilevile, wakashonwa, bila kitu chochote kuondolewa. Nao hawakujua wako kundi gani. Mwaka ulipopita, 28 kati ya wale 49 walisema kipandauso kimekwisha kabisa. Kwa wale 26, alisema hivyo mtu mmoja. Lakini sikilizeni: 15 kati ya hao 26 waliochanjwa bure walisema maumivu yamepungua kwa nusu au zaidi.

MZEE: Aha! Kumbe na Marekani wanakwangua.

MWALIMU: Marekani wamekubali kupima, Mzee. Hicho ndicho ababari hawakukifanya, na hakuna aliyewataka wakifanye. Ukichukua watu wenye maumivu ya kichwa, ukawachanja kwa heshima na kwa uhakika, zaidi ya nusu wanaweza kukuambia wamepata nafuu kubwa na hujawatoa chochote.

MAMA: Kwa hiyo ni akili tu? Mwanangu ana wazimu?

Hapa naingilia. Sentensi hiyo, "ni akili tu", imeumiza watu wengi kuliko chuma cha omobari, na ningetamani ifutwe kwenye midomo ya kila mtu aliyevaa koti jeupe. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields wa San Francisco walifanya kazi na watu waliotoka kung'olewa magego. Baadhi yao walipewa kitu kisicho na dawa wakidhani huenda ni dawa, na wapo waliopata nafuu. Kisha wakapewa naloksoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi mwilini. Maumivu yalirudi juu. Mofini haikuwepo, hakuna aliyewapa. Iliyozuiwa ni dawa ya mwili wenyewe, kemikali za jamii ya mofini ambazo ubongo huzimimina mtu anapoamini kwamba msaada umefika. Nafuu ya mtu yule ilikuwa kemia. Maumivu yake kabla ya hapo yalikuwa kemia vilevile. Anayemwambia mgonjwa kwamba maumivu yasiyoonekana kwenye picha ni ya kuwaza tu, hajui picha inapiga nini. Picha ya kichwa inaonyesha mfupa, damu, uvimbe. Haionyeshi neva iliyoongeza usikivu, kama vile picha ya nyumba haionyeshi waya gani una moto.

MAMA: Afadhali umesema. Sasa na mimi niulize la kwangu, maana mimi ndiye ningelipa. Nimesikia habari ya mtu aliyepasuliwa mara nyingi.

MWALIMU: Ni kweli, na imeandikwa. Margetts alimwelezea mwanaume mmoja wa huku aliyejigonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango. Alikwanguliwa, maumivu yakarudi, akakwanguliwa tena, na tena, kwa miaka. Mwisho sehemu kubwa ya paa la fuvu ilikuwa imeondoka, akawa anavaa kofia kulinda ubongo uliobaki na ngozi tu juu yake.

MAMA: Basi kwangu mjadala umekwisha hapo. Kama mfupa ndio ulikuwa mbaya, na mfupa umetoka, alirudi kufuata nini? Huwezi kung'oa jino moja mara tano. Mzee, naheshimu kazi ya babu yako. Lakini hao waliopalilia shamba baada ya mwezi mmoja tunawajua kwa sababu walirudi wakasimulia. Waliopata usaha, waliopata kifafa, waliozikwa, hao nani aliwahesabu?

MZEE: Hakuna aliyewahesabu. Hilo siwezi kulikataa.

MAMA: Mimi nina mtoto wa kiume mmoja.

MZEE: Nimesikia, mama. Lakini na nyinyi mnisikie. Serikali yenyewe katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba asili...

SISTA: Imeitambua ili isimamiwe, Mzee. Haijampa mtu ruhusa ya kufungua kichwa nyuma ya nyumba.

MZEE: Acha nimalize, Sista. Omobari alipokuja, alikaa. Aliuliza ulipigwa na nini, ulianguka wapi, maumivu yanaanza saa ngapi, yanapita wapi. Alikushika kichwa chote kwa vidole, akitafuta. Watu wa nyumbani walikuwepo wakisikia, kwa hiyo hata ukirudi nyumbani hakuna wa kukuita mvivu. Kijana huyu amekwenda kliniki. Kijana, ulikaa na daktari kwa muda gani?

KIJANA: Muda wa kuandikiwa dawa.

MZEE: Alikushika shingo?

KIJANA: Hapana.

MZEE: Na hapa ndani ya muda mfupi tumeambiwa kwamba huenda shida ni shingo! Mnalaumu chuma cha babu yangu, na vidole vyenu havijamgusa mgonjwa.

SISTA: Hapo umenipata, na sitajitetea. Foleni inaanza kabla jua halijachomoza. Anayevuja damu anatangulizwa, na ni haki atangulizwe. Mwenye kichwa kinachouma tangu Novemba anasukumwa nyuma, mwisho anapewa tembe. Kijana, hebu niambie ukweli, hizo tembe unakunywa ngapi?

KIJANA: Mbili asubuhi kabla ya kutoka na boda, mbili jioni. Siku mbaya naongeza. Zinauzwa dukani, Sista, kila duka linazo.

SISTA: Kila siku?

KIJANA: Tangu Desemba.

SISTA: Basi sikiliza kwa makini, na mama yako asikie. Tembe za kawaida za maumivu zikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na zile za mchanganyiko siku 10, mwezi baada ya mwezi, zenyewe zinaanza kuleta maumivu ya kichwa. Mfumo wa neva unazizoea, kisha unazidai. Asubuhi unaamka unaumwa kwa sababu ya tembe ya jana, unakunywa ya leo, kesho unaamka tena. Huenda nusu ya kichwa chako sasa ni hiyo. Utaziacha kwa kusimamiwa, na wiki ya kwanza itakuwa mbaya, nakuambia mapema usije ukasema nilikudanganya. Kuna dawa nyingine ya kuzuia, amitriptilini, inayotolewa usiku kwa kipimo kidogo, haina bei kubwa. Shingo ifanyiwe mazoezi. Ulale saa zinazofanana. Na uandike kwenye daftari: siku, saa, ulikula nini, ulilala vipi, mwanga ulikuwaje. Ukija na daftari hilo, hata mwenye haraka atalazimika kulisoma.

KIJANA: Na nisipopona?

SISTA: Unarudi, na unarudi kwangu. Lakini fuvu lako lisiguswe.

MZEE: Sijakubali yote. Ila la fuvu, kwa huyu kijana, nakubali. Kama hakuna ufa, hakuna mfupa uliozama, hata babu yangu mwenye akili zake angemtazama na kufikiri mara mbili. Mtafutieni mtu wa kumshika kichwa, basi.

Nami nitoe uamuzi wangu waziwazi. Kukwangua fuvu kwa ajili ya maumivu yasiyo na ufa wala mfupa uliozama ni kosa, na anayemshauri ndugu yake leo atafute omobari anamhatarishia maisha kwa ajili ya mfupa usiohisi kitu. Lakini ababari waliishi muda mrefu Gusii kwa sababu waliamini neno la mgonjwa. Mgonjwa aliposema inauma, walichukulia kwamba inauma, wakamfanyia kazi siku nzima. Hospitali ina elimu ya neva ambayo babu wa mzee huyu hakuwa na njia ya kuipata, na mara nyingi inaitumia kumwambia mtu kwamba hana kitu.

Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zinaweza kurekebisha hili bila kujenga jengo jipya. Zitenge siku moja kwa wiki ya kuwaona tena waliowahi kuumia kichwa, waulizwe na washikwe shingo. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua mwaka 2023 wakiwa zaidi ya 100,000 nchi nzima, wanaingia kwenye nyumba zetu tayari. Wakipita, pamoja na maswali ya shinikizo la damu na chanjo, waulize swali hili moja: katika nyumba hii kuna aliyeanguka mwaka huu, na kichwa chake bado kinamuuma?

Nawe msomaji, kama umeumia kichwa hivi karibuni na maumivu yanazidi siku hadi siku, au unatapika, au unasinzia kwa namna isiyo ya kawaida, au upande mmoja wa mwili umelegea, au maneno yanakupotea, au umepata degedege, nenda hospitali leo hii, usingoje kesho wala soko la wiki ijayo. Ukienda, taja siku uliyoanguka, taja shingo, taja idadi ya tembe unazokunywa, na usiondoke kabla hujapewa tarehe ya kurudi. Na abiria ukipanda boda, dai kofia ngumu yako. Sheria ya barabara inakutaja wewe pia, si dereva peke yake.